Siku Niliyosema Chakula Kipo

Wajukuu zangu wanapenda kunichokoza. Mmoja wao, msomi, kila akija likizo huanza hadithi yake ileile, kwamba serikali ingepanga bei ya kila kitu, toka sukari mpaka kitoweo, maskini wangepumua. Humwacha amalize. Kisha humwambia anyamaze, tena kwa ukali, na wenzake hucheka kwa sababu wanajua nikishaanza sishikiki. Wanadhani ni ubishi wa uzee. Sijapata kuwaeleza sababu, kwa kuwa sababu yenyewe ina aibu yangu ndani yake, na bibi yao alipokuwa hai sikutaka aisikie ikitajwa. Sasa ametangulia mbele ya haki, nami naandika.

Wakati wa vita vile vikubwa vya pili nilikuwa kijana wa Ole, kisiwani Pemba, nimeoa mwaka mmoja tu. Nilikuwa na mikarafuu michache ya urithi, minazi, na kipande cha shamba la muhogo kilichoteremka mpaka bondeni, ambako tulipanda mpunga mvua zikija. Hatukuwa matajiri, wala njaa hatukuijua. Baba mkwe wangu alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, mtu wa ukoo wa Kiarabu uliowahi kuwa na mashamba makubwa, na ingawa mashamba yalikwisha zamani, kilemba chake kilikuwa bado kinafungwa kila alasiri kama vile watu wanamngojea mahali. Alinipa binti yake bila kunitoza mahari makubwa. Jambo hilo nililibeba kichwani kila siku.

Kitoweo chetu kililetwa na bibi mmoja wa pwani ya mashariki. Kila baada ya siku tatu alipanda kwa miguu na tenga lake kichwani, dagaa wakavu, papa wa chumvi, pweza siku akibahatika, akaja kulitua kwenye baraza yetu huku anahema na kulalamikia mlima ambao kwa kweli si mlima. Hakuwa akiuliza habari zetu za chakula. Alipiga jicho uwanjani. Akiona tumeanika muhogo mwingi na nazi zimelundikwa, alitoa papa. Akiona uwanja mtupu, alitoa fungu dogo la dagaa na kusema kilichobaki tutakipata keshokutwa. Hapo yeye na mke wangu walianza: huyu anasema samaki ni mdogo, yule anasema muhogo huu una nyuzi, huyu anarudisha, yule anatia nazi moja ya nyongeza, wanaulizana kama wana haya. Baada ya muda wanacheka, na kila mmoja anaondoka akijiona amemshinda mwenziwe. Wote wawili hawakujua kuandika hata majina yao, na katika muda wote ule sikumbuki siku moja iliyokosewa.

Mchele tuliununua Konde, kwa mwenye duka mmoja mzee tuliyemwita Ami. Bei yake ilipanda na kushuka. Ikipanda, tulikula muhogo na kumsema vibaya. Ikishuka, tulikula wali na kusahau kumsema. Mambo yalikwenda hivyo, na mimi nilidhani yanakwenda yenyewe, bila mtu kuyashughulikia. Ndivyo mtu anavyofikiri kabla hajanyang'anywa.

Vita vilipozidi, mchele wa nje ukaadimika. Bei ikapanda mpaka tukashika vichwa. Hapa nisidanganye, maana nimeahidi nafsi yangu nitasema yote: nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele. Nilisimama mbele ya duka la Ami na kumwita mnyonyaji, mbele ya watu, mtu mwenye umri wa baba yangu. Mpiga mbiu alipopita akitangaza kwamba serikali imeweka bei moja ya mchele, ya chini, na atakayeizidisha atashitakiwa, niliruka kwa furaha. Nilisema Mungu awape umri mrefu. Mke wangu alikuwa na mimba wakati ule, nami nilimwambia utajifungua na wali utakula mpaka uukinai.

Siku kumi hazikupita, mchele ukatoweka. Nilikwenda Konde nikakuta magunia yamekunjwa pembeni. Nikajua, kwa akili yangu ya siku zile, kwamba Ami ameuficha. Kumbe hakuwa nao. Wale waliokuwa wakimletea kutoka upande wa Mkoani walitaka zaidi ya ile bei aliyoruhusiwa yeye kuuzia. Auze kwa hasara mpaka lini? Aliacha kuagiza, akakaa dukani anauza viberiti na mafuta ya taa. Serikali ilipoona mchele hauonekani, haikusema tumekosea. Ilisema kuna watu wanautorosha. Ikatoka amri nyingine, kwamba chakula kisitoke upande mmoja wa kisiwa kwenda upande mwingine bila kibali, uwe mchele, uwe muhogo, uwe samaki. Na kwa kuwa sasa hakuna aliyejua nani anacho na nani hana, maana wachuuzi waliokuwa wakijua kazi yao imesimamishwa, ikabidi wamtume mtu na daftari aje atuulize.

Karani alifika Ole baada ya sala ya alasiri. Alikuwa kijana wa Unguja; ukimsikia neno la kwanza tu unamjua. Mpole, kofia yake safi, amechoka na njia. Tulimkaribisha kwenye baraza ya sheha, mkubwa wa kijiji chetu, mgeni akaletewa kahawa, na wanaume wa kijiji tukakaa kumzunguka. Baba mkwe wangu alikaa karibu yangu, goti lake linagusa la kwangu. Karani akafungua daftari, akaanza kutuuliza mmoja mmoja.

Aliponifikia mimi akasema, "Bwana, chakula unacho?"

Nikamjibu, "Alhamdulillahi, bwana karani. Kipo."

"Cha kutosha mpaka lini?"

"Mpaka mpunga, inshallah."

Mpunga wenyewe tulikuwa hatujaupanda.

"Na cha ziada?"

"Hakikosi."

Akaandika.

Sasa ninyi mnaosoma, hasa kama si wa kwetu, mtasema huyu alikuwa mjinga au mwongo. Hebu nisikilizeni. Kwetu mtu akikuuliza mbele ya watu kama unacho, hilo si swali. Ni kama kukuuliza umeamkaje. Hata chungu kikiwa kimefunikwa kifudifudi, unajibu Alhamdulillahi kipo, kwa sababu kumlalamikia mgeni juu ya riziki ni kama kumlalamikia aliyekuruzuku. Na hapo pembeni yangu alikaa mzee aliyeniaminia binti yake, aliye mja mzito. Nilitaka niseme nini? Niseme, mbele ya kijiji kizima na mgeni kutoka Unguja, kwamba mtoto wa mzee huyu kwangu analala njaa? Heri ningemeza ulimi. Ukweli ni kwamba muhogo wangu shambani ungetupeleka mwezi mmoja, labda na siku kadhaa, kwani jua lilikuwa kali na nguruwe mwitu walikuwa wamefukua sehemu ya bondeni.

Aliyenifuata akasema yeye anacho mpaka mpunga na zaidi. Aliyemfuata huyo akasema hata wageni angewalisha. Baba mkwe wangu, ambaye nilijua kwa hakika kwamba ameuza mbuzi wake wa mwisho, alisema nyumba yake haijapata kupungukiwa tangu babu yake. Sheha akamalizia kwa kusema kijiji chetu hakijawahi kuomba kwa mtu. Karani akafurahi. Nadhani tulikuwa kijiji chepesi kuliko vyote alivyopita. Akanywa kahawa yake ya pili, akatushukuru, akaenda zake.

Mchuuzi yeyote wa Pemba angetucheka. Yule bibi wa samaki asingesikiliza hata neno moja kati ya yale. Angezunguka nyuma ya jiko akaangalia maganda. Nimelifikiria jambo hili umri wangu wote, na hapo ndipo ninapokasirika. Mtu mmoja hutusikiliza midomo, mwingine huangalia tunachotoa na tunachotaka kwa kubadilishana nacho. Mdomo wa mtu una heshima yake ya kulinda, una mkwe, una majirani. Tenga la muhogo halina mkwe. Serikali iliwafukuza njiani wale wanaoangalia matenga, ikamtuma mtu wa kusikiliza midomo, kisha ikakata shauri la nani ale.

Jibu lilikuja baada ya majuma mawili. Ole imeandikwa kuwa ina chakula. Kwa hiyo kadi za mgao wa mchele wa serikali hazitatufikia, zitakwenda kwa wenye shida. Na kwa kuwa tulisema cha ziada hakikosi, kila nyumba ipeleke mizigo miwili ya muhogo kwenye ghala, italipwa kwa bei iliyopangwa. Niling'oa muhogo wangu huku nafsi inaniambia simama, sema. Sikusema. Nilijitwika, nikaenda nao, na njiani nilikutana na jirani yangu amejitwika wake, tukaamkiana vizuri sana, tukaulizana hali, tukaambiana Alhamdulillahi.

Mke wangu alijifungua siku chache baadaye. Mtoto wa kike. Alilia kwa nguvu hata mkunga akacheka, akasema huyu atakuja kuwashinda wanaume kwa maneno. Nilimwadhinia sikioni, na siku ya saba tukampa jina, ambalo hapa nitabaki nalo mwenyewe. Akika, mbuzi wa kuchinjwa kwa ajili ya mtoto, tuliiahirisha.

Mzazi kwetu hukaa ndani siku arubaini, na siku hizo hulishwa. Ndiyo kazi yake, kula. Hupikiwa uji wa mchele wenye pilipili manga, mchuzi wa samaki unaochemka, pweza akipatikana, ili maziwa yashuke. Mama mkwe alihamia kwetu kuja kumuuguza binti yake, akaingia jikoni, akafunua chungu kimoja baada ya kingine. Alichukua muhogo uliokuwapo, akauchemsha na chumvi, akachuma kisamvu, akampelekea. Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo.

Kila siku ya tatu nilikaa barazani kumngojea bibi wa samaki. Hakutokea. Mara ya nne alikuja, mchana, mikono mitupu, tenga hana. Askari wamemsimamisha njiani akiwa na papa watatu na dagaa. Wamemtaka kibali.

"Nikawaambia mwanangu, mie natembea njia hii tangu sijavunja ungo, kibali changu ni huu utosi ulioota sugu," alisema. "Wamelitwaa tenga na vilivyomo. Wameniambia nikirudia nitafungwa. Nami nna wajukuu, yakhe. Nisamehe."

Alikuwa ametembea njia yote ile ili kuja kuniambia asiningojeshe. Mke wangu alimsikia sauti akamwita ndani amwone mtoto. Bibi yule akamwangalia mtoto, kisha akamwangalia mama. Alipotoka nje alinishika mkono akasema kwa sauti ndogo, "Maziwa hana huyo. Mtafutie mchele. Mtafutie leo."

Niliambiwa ukweli wa nyumba yangu na mtu ambaye hakuniuliza swali lolote.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa yule karani. Nilitoka alfajiri nikafika jua limepanda, nikakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Alinikumbuka, akaniamkia kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Ningempata mtu mbaya ningekuwa na wa kumlaani. Nilimweleza: mke wangu amejifungua, maziwa yamekauka, naomba kadi ya mchele, na kama kadi haiwezekani, naomba ruhusa samaki wapite.

Akafungua daftari. Akalipata jina langu. "Lakini bwana, wewe una chakula mpaka mpunga. Umesema mwenyewe, na mashahidi walikuwapo."

"Nilisema, bwana karani. Lakini sina."

"Basi ulinidanganya?"

Hapo mbele ya watu wengine waliokaa kwenye benchi, nilisema ndiyo. Nilidhani baada ya kulimeza lile nitapewa ninachotaka. Akatikisa kichwa kwa huruma. Alisema hawezi kufuta kilichokwisha kupelekwa juu. Sheha aandike barua kwamba hali ya nyumba yangu imebadilika, itazamwe, ipelekwe, ijibiwe. Nilimuuliza itachukua muda gani. Akasema hawezi kujua, inategemea.

Nilirudi kwa sheha siku ileile, sijala. Alinisikiliza akichezea tasbihi.

"Mwanangu," akasema, "nikiandika wewe huna, watauliza na wengine. Watakuja kutufungulia vyungu nyumba kwa nyumba. Nami nilisema kijiji hakijapata kuomba. Unataka tuaibike sote?"

"Mzee, mtoto anakufa."

"Mungu hajasema hivyo. Subiri. Tusiaibishane."

Nilitaka kumpiga. Mkono wangu ulitoka wenyewe na nikaurudisha. Halafu nikakumbuka kwamba nilifanya lilelile mimi, kwenye baraza hiyohiyo, na kwamba tofauti ya mimi na yeye ni kwamba mwenye njaa ni wangu.

Jirani yangu mmoja alikuwa na mtoto wa miezi minane. Mkewe alikuja akamnyonyesha binti yetu siku mbili, mchana kutwa, bila kuombwa. Siku ya tatu alikuja analia. Maziwa yake mwenyewe yamepungua, mtoto wa kwake ameanza kulia usiku. Tulimshukuru. Ng'ombe wa mtaa wa pili alikuwa akitoa maziwa ya kikombe kimoja, tukayapata siku nne, mtoto akayatapika. Mama mkwe alichemsha maji ya muhogo, akayachuja kwa kitambaa, akawa anamdondoshea mdomoni. Mtoto aliacha kulia kwa nguvu. Alilia kama anayezungumza chumba cha pili. Mke wangu alimkandamiza kifuani saa zote na kumwambia vuta, mama, vuta, na akivuta hakipatikani kitu.

Nilichukua bangili za fedha za mke wangu, alizovalishwa na mama yake siku ya harusi. Alizivua mwenyewe, sikumwomba. Nikaenda Konde.

Ami alikuwa peke yake dukani. Nilimwekea zile bangili juu ya meza. Nikamwambia nataka mchele wowote, kwa bei yoyote, ataje yeye.

Hakuzigusa. "Nilijua mtakuja watu wa Ole," alisema. "Mmechelewa."

"Umejuaje, Ami? Tumeandikwa tunacho."

"Tangu mwezi uliopita watu wa Ole wananiuliza pumba. Pumba za kuku, wanasema. Mmoja, wawili, sita. Nikasema Ole kuku wangapi? Kuku wenyewe wameniuzia mie, wote, kabla ya pumba." Akatazama magunia yaliyokunjwa pembeni. "Zamani ningemtuma mtu Mkoani siku ileile. Mchele uko kule, najua uko kwa nani. Ungekuja ghali, na mngenitukana. Weye ungenitukana wa kwanza."

"Ningekutukana na ningenunua," nikasema, na hapo machozi yakanitoka, mbele ya mtu niliyemwita mnyonyaji. "Niuzie, Ami. Nitakubusu miguu."

Alisema anacho kidogo, cha kula nyumbani kwake. Lakini juma lile mwenye duka mwenzake amekamatwa kwa kuuza kwa zaidi ya bei, duka limefungwa, na mtu wa kuchunguza anapita kila siku. Akiniuzia kwa bei ya serikali, watamuuliza kadi yangu iko wapi. Akiniuzia kwa bangili, atafungwa. Tulikaa tukiangaliana, yeye anacho na anataka kutoa, mimi nina cha kumpa na nataka kupokea, hakuna tuliyemdhulumu wala aliyetulalamikia, na tukawa hatuwezi. Sijui kama katika ulimwengu huu kuna ujinga uliokamilika zaidi ya ule. Wasomi hunieleza kwamba bei ingeachwa, matajiri wangeumaliza mchele wote. Labda. Mimi sikuwa tajiri, na siku ile ningeupata.

Mwisho akaingia ndani, akatoka na mchele umefungwa kwenye kitambaa, vibaba viwili hivi. "Sadaka," akasema. "Sadaka haina bei. Chukua na bangili zako, uende."

Nilitembea haraka, mchele nimeufunga kiunoni ndani ya shuka. Sikuwa nimefika hata nusu ya njia. Askari wawili walikuwa wamesimama penye daraja, vijana, mmoja nilimfahamu kwa sura. Waliona tumbo langu lilivyokaa. Niliwaambia ni sadaka. Wakasema sadaka nayo inataka kibali ikivuka mpaka. Niliwaambia habari za mtoto. Yule niliyemfahamu akatazama chini, na mwenzake akasema wakiniachia, kesho watafungwa wao. Niliwashika mikono. Nilipiga magoti barabarani, mtu mzima, watu wanapita. Waliufungua mchele, wakaumimina kwenye mfuko wao, wakanirudishia kitambaa kwa sababu kitambaa hakikatazwi.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama mikono yangu, halafu akanipisha niingie. Mke wangu aliniuliza, "Umepata?" Nilimpa bangili zake. Alizitia mkononi moja moja, polepole, zikawa zinacheza kwa jinsi alivyokonda.

Binti yetu alikufa siku ya tatu baada ya hapo, asubuhi, jua limeshatoka, mama yake anamsemesha. Alikuwa na siku ishirini na tisa. Nilimbeba mwenyewe mpaka kaburini, hakuwa mzigo wa watu wawili.

Wakati tunarudi kutoka makaburini, sheha alinivuta pembeni. Aliniambia nisiwe na wasiwasi wa chakula cha msiba, ameshalishughulikia. Amri inaruhusu kibali maalumu kwa mwenye msiba, kuwaheshimu wazee na dini. Ukifiwa hakuna anayekuuliza ulisema unacho au huna, kwa sababu msiba ni dharura. Alikuwa ameandika barua asubuhi ileile, kabla maiti haijaoshwa, na ilijibiwa kabla ya adhuhuri. Aliniambia hivyo kwa furaha kidogo, akidhani ananiliwaza. Laana nilizokuwa nazo hazisemwi siku ya maziko.

Mchele ukaja, gunia zima. Na ruhusa ya samaki ikaja, na yule bibi wa pwani akapita mbele ya askari na tenga limejaa, akalitua barazani kwetu bila kusema chochote cha mlima. Nyumba ikanukia wali na mchuzi wa papa. Watu walikuja kusoma Kurani, wakala. Na niliwaona walivyokula, jirani zangu wote waliokuwa nacho mpaka mpunga, walivyofuta sahani kwa vidole. Baba mkwe wangu alikula ameinamisha uso. Mama mkwe alijaza sahani, akaipeleka ndani, akakaa mbele ya binti yake mpaka ikaisha. Mke wangu alikataa mara ya kwanza. Kisha alikula, maana mwili hauna adabu, ukipewa unapokea. Alikula siku ile, na siku ya pili, na asubuhi ya siku ya tatu tulipomaliza khitma, uji wa pilipili manga na samaki.

Alasiri ya siku hiyo, watu wameshatawanyika, aliniita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, kanga yake imerowa kifuani pande zote mbili, mpaka mapajani. Maziwa yalikuwa yameshuka. Yalikuwa yanatoka yenyewe. Hakulia. Aliniambia yanamuuma, nimletee bakuli, na mimi nikaleta, nikapiga magoti mbele yake nikamshikia, yeye akikamua, mpaka likajaa, na akaniambia nilete jingine.